Sema Mapema: Kuomba Mtihani wa Udereva Ukiwa na Ulemavu

Haya ni maneno niliyoyasema katika mkutano wa kikundi chetu cha watu wenye ulemavu hapa Malindi. Wengi walitaka kufika wakashindwa, wengine kwa mvua, wengine kwa nauli, na waliotoka Gede tuktuk yao iliwaharibikia njiani. Nimeyaandika yote kwa ajili yao.

Mwenyekiti, wazee wetu, kina mama na kina baba, vijana, na ndugu zetu viziwi mliokaa mbele mkimtazama mkalimani badala ya kunitazama mimi, na mna haki maana yeye ni mzuri zaidi: assalaam alaykum. Na Bwana asifiwe. Na sote kwa jumla, hamjambo?

Mimi mnanijua. Mtoto wa Shella, magongo yangu ni haya mawili, na lile Vitz la kijivu mlilolikuta mlangoni mkaulizana ni la nani, ni langu. Na sikuletwa. Nimelileta mwenyewe.

Nimeombwa nizungumze juu ya kuomba mtihani wa udereva. Kuomba, jamani, si kuendesha. Kuendesha mtafundishwa na wenye kazi yao. Kwa nini nakazania kuomba? Kwa sababu wengi wetu hatuangukii barabarani. Tunaangukia kwenye fomu. Tunaangukia saiba, pale kijana wa kompyuta anapokugeukia akasema, "Dada, hapa wanauliza ulemavu, niweke hapana?" Nawe, kwa kuwa foleni ni ndefu na watu wanakusikiliza, unasema, "Weka hapana, twende."

Nani hapa limemfika hilo? Inueni mikono tuone.

Haya, shusheni. Na wewe kaka pale nyuma usijifiche, unao mmoja, na mmoja watosha kuinuliwa.

Leo neno langu ni moja, na nitalirudia mpaka mnichoke: sema mapema. Sema kabla ya kulipa. Sema kabla ya kukaa kwenye kiti cha dereva. Sema kwenye fomu, sema kwa mwenye shule ya udereva, sema kwa mtahini kabla hajauliza. Wazee wetu walisema mficha uchi hazai, na mimi naongeza: mficha mguu hapati leseni.

Tuanze na hofu yenyewe, maana naijua. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, inamtaka kila anayeomba leseni, iwe ile ya mwanafunzi tunayoiita PDL au leseni kamili, atoe tamko kuhusu mwili wake. Anaulizwa: una ugonjwa au ulemavu unaoweza kufanya uendeshaji wako uwe hatari kwa watu? Hapo ndipo wengi wanapoishiwa nguvu. Wanaona "ulemavu", wanaona "hatari", wanafunga simu wanakwenda zao.

Lakini je, sheria iliishia hapo? Haikuishia hapo. Ukisoma mbele kidogo, unakuta mwombaji anayo nafasi ya kudai apimwe uwezo wake wa kuendesha, isipokuwa kwa maradhi machache yaliyowekwa kando. Akipimwa akapita, hawezi kunyimwa leseni kwa sababu ya ulemavu huo peke yake. Na ikionekana kwamba anaweza kuendesha gari la muundo fulani tu, basi leseni yake inaandikwa kwa gari la muundo huo. Hebu nirudie, maana naona mama mmoja ametoa kalamu. Ana nafasi ya kudai apimwe. Kudai, si kuomba kwa huruma. Akipita, hanyimwi kwa sababu ya mguu. Na leseni yake itaandikwa kulingana na gari analoliweza.

Kwa hiyo lile swali kwenye fomu si mlango wa kukutoa nje. Ndilo linaloanzisha haki yako ya kupimwa. Ukiandika "hapana" umejifungia mwenyewe, kwa sababu hutapimwa kama ulivyo. Utapimwa kama mtu mwingine, mwenye miguu miwili mizima na mikono miwili mizima, na mtu huyo si wewe.

Kuna kijana mmoja wa Barani, jina namwekea. Alipoteza mguu wa kulia chini ya goti kwa ajali ya bodaboda. Akapata mguu bandia mzuri, na akivaa suruali ndefu huwezi kujua. Akaenda shule ya udereva, hakusema. Akajifunza kwenye gari la gia, akikanyaga breki kwa ule mguu bandia, akikisia tu ameukanyaga kiasi gani, maana nyayo haina hisia. Akajifunza vizuri, nisimkosee haki. Alama za barabarani anazijua usingizini. Siku ya mtihani ikafika. Akapita maswali, akapita ile bodi ya mbao yenye magari ya kuchezea, akaingia garini. Mtahini akamwambia, "Nikigonga dashibodi, simamisha gari mara moja." Akagonga. Kijana akakanyaga, mguu bandia ukateleza pembeni ya breki ukaingia kwenye pedali ya mafuta. Gari likaruka mbele. Alhamdulillahi mbele hapakuwa na mtu, palikuwa na mnazi tu, na gari likazima kabla ya kuufikia.

Mtahini akateremka, akamzunguka, akamtazama mguu. Akamuuliza swali moja tu: "Kwa nini hukusema?"

Sasa fikirieni. Yule mtahini hakumuuliza kwa nini umekuja na mguu mmoja. Alimuuliza kwa nini hukusema. Kwa sababu angesema, angeambiwa kuna gari la oto, lisilo na klachi, lenye pedali ya mafuta iliyohamishiwa upande wa kushoto wa breki, ukaendesha kwa mguu wako mzima. Kijana huyo baadaye alirudi na karatasi ya daktari na gari la aina hiyo, akapita. Leo anapeleka samaki Watamu. Lakini alilipa mara mbili, na ule mshtuko wa mnazi, yeye mwenyewe anasema, bado anauota.

Na msidhani ukipata leseni kwa kuficha umepona. Bima ya mtu wa tatu ni lazima kwa kila gari barabarani, Sura ya 405 inasema hivyo. Ukiificha hali yako, siku ya ajali mwenye bima atatafuta njia ya kujitoa asilipe, na wewe ndiye utakayekuwa umemfungulia.

Tuje kwenye mwili na gari, na hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo watu wanapodanganywa zaidi. Utasikia mtu anasema, "Huyu ni mlemavu, hawezi kuendesha." Mlemavu wa nini? Wa wapi? Upande gani? Mguu wa kushoto na mguu wa kulia, kwenye gari, si kitu kimoja kabisa.

Mguu wa kushoto ukiwa ndio mbovu, gari la oto halina haja nao. Hakuna klachi. Mguu wa kulia unafanya kazi yote, wa kushoto unapumzika, na gari halibadilishwi hata skrubu moja. Na sisi pwani tuna bahati: haya magari ya Japani yanayoshushwa bandarini Mombasa, Vitz, Probox, na nduguze, mengi ni oto. Taabu ni kwamba shule nyingi za udereva zinafundishia gari la gia. Kwa hiyo unapokwenda kujiandikisha, kabla hujauliza bei, uliza: "Mna gari la oto?" Wakikwambia hawana, nenda kwingine, au uliza kama watakufundisha kwenye gari lako. Katika madaraja ya leseni ya sasa, B1 ni ya gari dogo la oto, na F imetengwa kwa watu wenye ulemavu. Yajueni madaraja yenu kabla hamjalipia la mwenzenu.

Mkono je? Mwenye mkono mmoja hufungiwa kirungu kidogo kwenye usukani, akaushika akazungusha usukani wote bila kuuachia. Lakini kuna jambo dogo ambalo watu hawalioni mpaka waketi. Kwenye magari yetu haya ya Japani, kijiti cha indiketa kiko upande wa kulia wa usukani. Asiye na mkono wa kulia atatoaje indiketa? Atavusha mkono wa kushoto mbele ya usukani, auachie kirungu, katikati ya kona! Huyo anahitaji indiketa ihamishwe au irefushwe mpaka mkono wake unapofika. Jambo dogo, lakini ndilo litakalomfelisha. Na kama huwezi kutoa ishara za mkono dirishani, usingoje mtahini akuagize uzitoe ndipo uanze kueleza. Sema mapema.

Na tuktuk? Malindi ni mji wa tuktuk, tusijifanye. Hebu mwangalieni dereva wa tuktuk. Mafuta yako kwenye mkono wa kulia, anayazungusha. Klachi na gia ziko kwenye mkono wa kushoto. Mguu unatumika kwa jambo moja tu, breki, na hiyo iko upande wa kulia. Kwa hiyo mtu ambaye polio ilimchukua mguu wa kushoto, tuktuk imekaa kama iliyoshonwa kwa kipimo chake. Yuko ndugu yetu mmoja anayepiga njia ya Maweni na Muyeye, wengi mmepanda tuktuk yake na hamkujua mpaka aliposhuka kuchukua gongo lake nyuma ya kiti. Aliomba daraja A3, la magurudumu matatu. Alipofika kwenye mtihani, mtahini akatazama mguu akasema, "Hapana, huyu hapana." Naye akajibu kwa adabu, "Afande, naomba unionyeshe mguu huu una kazi gani kwenye chombo hiki." Mtahini akainama, akatazama, akainuka akacheka. Akamwambia, "Washa."

Mimi sasa. Miguu yangu yote miwili haina nguvu ya kukanyaga, kwa hiyo naendesha kwa mikono. Mkitoka nje nitawaonyesha. Kuna fimbo ya chuma chini ya usukani upande wa kushoto, imeungwa na breki na mafuta. Nikiisukuma mbele, gari linashika breki. Nikiivuta kwangu, linakwenda. Mkono wa kulia uko kwenye kirungu cha usukani. Pedali ziko palepale, fundi wangu wa kawaida akitaka kulijaribu gari anatoa fimbo njiani anaendesha kwa miguu kama kawaida. Na kisahani kile cha chuma kilichofunika pedali ni cha kuzuia miguu yangu isiteleze ikaingia chini ya breki. Hicho kisahani watu hukisahau. Msikisahau.

Na hapa niseme jambo la fundi, mnisamehe mafundi mlioko humu. Kuna mzee wetu mmoja aliona video kwenye simu, akamchukua fundi wa kuchomelea, akampa bomba la maji na kebo ya breki ya baiskeli, akamwambia nitengenezee kama hii. Ikatengenezwa. Ikafanya kazi vizuri sana, hapa mjini, kwenye tambarare. Siku moja akaenda Mambrui. Mteremko wa kushukia daraja la Sabaki mnaujua. Akasukuma breki, ile kebo ikakatika. Alisimamisha gari kwa hendibreki na dua. Kebo ya baiskeli, jamani, imeundwa kusimamisha baiskeli! Chombo cha mkono cha gari kinaunganishwa kwa chuma kigumu kisichopinda, na kila nati ina kifungio chake. Gari likishabadilishwa lipelekeni kukaguliwa, na karatasi ya ukaguzi iwe garini siku ya mtihani. Mtahini akikuta gari limebadilishwa na huna karatasi, atakurudisha nyumbani, na atakuwa hajakuonea.

Ndugu zangu viziwi, sasa nakuja kwenu, na mkalimani wangu usichoke.

Kuna watu wanaamini kwamba kiziwi hawezi kuendesha kwa kuwa hasikii honi. Nawauliza: yule anayepita hapa barabara ya Lamu na vioo vimefungwa, eyasii imewashwa na muziki unapiga mpaka bodi inatetemeka, yeye anasikia honi ya nani? Barabara inaendeshwa kwa macho. Ambulansi ina taa kabla ya kuwa na sauti. Kiziwi aliyezoea kutazama vioo vyake kila mara, mimi napanda gari lake bila wasiwasi.

Taabu ya kiziwi haiko barabarani. Taabu yake ni mtahini anayeuliza kwa mdomo. Sehemu ya kwanza ya mtihani wetu ni maswali: hii ni alama gani, ukifika hapa nani apite kwanza, sogeza gari hili dogo kwenye bodi utoke hapa ufike pale. Yote kwa mdomo. Sasa kiziwi anayejua kila alama anasimama mbele ya bodi kama asiyejua lolote. Je, amefeli udereva? Amefeli kusikia, na kusikia hakukuwa kwenye mtihani.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara na njia nyingine za mawasiliano zinazomfaa. Kifungu cha 120 kinasema lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Bunge zima! Kama Bunge lina nafasi ya lugha ya ishara, bodi ya mbao yenye magari ya kuchezea itakosaje?

Kwa hiyo ombeni mkalimani kwa maandishi, tangu siku mnapowekewa tarehe. Na kabla ya kuwasha gari, kubalianeni na mtahini juu ya ishara za njiani, kwa sababu huwezi kuendesha huku umegeuza shingo kutazama mikono ya mtu. Mkono ukinyooshwa karibu na kioo upande huu maana yake pinda, kiganja kikiinuliwa maana yake simama. Maelekezo marefu yatolewe gari likiwa limesimama. Dakika chache tu zinatosha.

Binti wa binamu yangu ni kiziwi, alizaliwa hapahapa Malindi, na sasa anaishi Leicester, Uingereza. Alifanya mtihani huko. Nilimuuliza, wenzetu wanafanyaje? Akanieleza kwamba unapojiwekea tarehe ya mtihani unatakiwa useme ulemavu wako. Siku yenyewe mtahini anazungumza nawe kwanza juu ya hali yako na vifaa vilivyofungwa garini, na mnaweza kukubaliana muda zaidi wa maelekezo. Kiziwi anaruhusiwa kuja na mkalimani, mradi awe ametimiza miaka 16, na hata mwalimu wake wa udereva anaweza kuwa mkalimani wake. Huko pia, kijana mwenye ulemavu anayelipwa posho ya juu ya usafiri anaweza kuanza kujifunza gari akiwa na miaka 16, mwaka mmoja kabla ya wenzake.

Lakini akanieleza na hili, nami nataka mlisikie vizuri: kipimo ni kilekile. Atasoma nambari ya gari iliyo mita 20 mbele kama kila mtu. Akikata taa nyekundu atafeli kama kila mtu. Hakupewa alama ya huruma, na hakuitaka. Nasi tusiitake. Mtu akikwambia, "Nitakupitisha kwa kukuonea imani," mwambie hapana ahsante, maana lori la makaa la kutoka Baolala halitakuonea imani.

Sasa karatasi. Hapa nitakwenda mbio. PDL mnaomba kwenye eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, upande wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, mkiwa na kitambulisho. Kabla ya hapo, mjiandikishe na Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu mpate kadi, na kadi hiyo inaanzia kwenye uchunguzi wa daktari wa hospitali ya serikali. Mkiwa mbele ya daktari, msiridhike aandike "mlemavu wa viungo" akafunga faili. Mwombeni aandike unachoweza: mikono ina nguvu kamili, shingo inageuka, macho ni mazima. Karatasi inayotaja upungufu tu itakushitaki, inayotaja na uwezo itakutetea. Kadi hiyohiyo ndiyo mnayoanzia mkitafuta msamaha wa ushuru wa gari lililotengenezewa mwenye ulemavu, lakini hiyo ni hotuba ya siku nyingine, na ni ndefu. Mara nyingi shule ndiyo inayokuwekea tarehe, kwa hiyo mpe mwenye shule barua fupi inayotaja mahitaji yako, nawe ubaki na nakala yenye sahihi yake.

Na mwende mkaone uwanja wa mtihani kabla ya siku. Kiti cha magurudumu na mchanga wa Malindi havipatani, mnajua wenyewe. Na bodi ikiwa juu ya meza ndefu, aliyekaa kwenye kiti anaona ukingo wa mbao tu. Ombeni ishushwe. Nimewahi kuona ikiwekwa juu ya kreti mbili za soda, na mtihani ukaendelea vizuri kabisa.

Je, wakikukataa?

Kuna mama mmoja, mjane, ana mkono mmoja, alikwenda kwenye ofisi fulani, siitaji wala siitaji mji. Akaambiwa dirishani, "Mama, watu kama nyinyi hatuwapi." Hakulia, hakupiga kelele. Alitoa daftari akasema, "Mwanangu, niandikie hayo maneno, weka na jina lako na tarehe." Yule kijana akaingia ndani. Akatoka na mkubwa wake. Mkubwa akamkaribisha kiti, akaita faili, na tarehe ya mtihani ikapatikana.

Mama yule alikuwa na uchawi gani? Alikuwa na kifungu cha 47 cha Katiba. Uamuzi wa ofisi ya umma ukigusa haki yako, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sababu ya mdomo inayeyuka, sababu ya maandishi inapelekwa kwa wakili, inapelekwa kwa Baraza, inapelekwa kwa Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa. Na watu wengi wanaosema "watu kama nyinyi" hawapendi kuliona neno hilo likiwa na sahihi yao chini. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008, na kifungu chake cha 20 kinazungumzia hasa haki ya mtu kutembea na kusafiri kwa uhuru kadiri inavyowezekana. Na mwaka 2025 tumepata Sheria mpya ya Watu wenye Ulemavu badala ya ile ya 2003. Msiende dirishani mikono mitupu.

Ndugu zetu wa Lamu naona mnatabasamu. Mnasema moyoni, leseni ya nini, kwetu Mkomani punda ndiye dereva na ndiye gari. Kweli. Lakini vukeni hapo Mokowe, upande wa bara, muone. Bandari ya Lamu imefunguliwa tangu 2021, barabara zinakatwa, na kazi zinazotangazwa nyingi zinauliza leseni kwanza. Kijana wenu mwenye ulemavu akikosa kazi bandarini Kililana, isiwe kwa sababu mlingoja barabara ifike Mkomani.

Wazazi, na nyinyi nina neno nanyi. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikataa kabisa nisiendeshe. Alisema atakufa kwa wasiwasi. Sikubishana naye. Nilimpakia, nikampeleka hospitali miadi yake ya sukari, nikamrudisha. Wiki iliyofuata aliwaambia majirani wote kwamba ana dereva. Wasiwasi wa mzazi hauondoki kwa maneno, unaondoka kwa safari. Lakini msiwafiche watoto wenu, wala msiwaandikie fomu wao wakiwa nyuma ya mlango. Waacheni waseme wenyewe, kwa mdomo au kwa mikono, nina nini na nahitaji nini.

Mwenyekiti ananionyesha saa, na mkalimani ananionyesha kiu. Kuna walioniletea vikaratasi kuuliza juu ya kifafa, na juu ya jicho moja. Hayo sitayajibu kwenye kipaza sauti, maana ni siri ya mtu na daktari wake. Nitakuwa nje kando ya gari. Walio na karatasi za hospitali waje nazo tuzisome pamoja, wasio nazo waje hivyohivyo tuandike barua ya kuziomba. Na wanaotaka kuketi kwenye kiti cha dereva waijaribu ile fimbo, waje pia, ufunguo ninao mimi na gari halitawashwa. Mwenyekiti, shika kipaza sauti chako.